Sabufa inavuma hata muziki ukizimwa: anzia nyuma ya boksi, usianzie ndani

Umeme wa majumbani Tanzania, Kenya na Uganda ni wa Hz 50, na sabufa imetengenezwa kwa ajili ya sauti nzito za chini, kama Hz 40 hadi 150 hivi. Umeme ukipenya kidogo tu mahali usipotakiwa, spika ndogo za pembeni hunyamaza lakini sabufa huutoa wote. Ndiyo maana lawama huiangukia sabufa kwanza. Mtu anaibeba hadi kwa fundi, fundi anaiwasha mezani bila waya wowote, inatulia kimya, mwenyewe anairudisha nyumbani, inavuma vilevile. Sabufa ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinavuma kilibaki sebuleni: king'amuzi, waya wa dishi, chaja ya laptop, au erthi (waya wa kupeleka umeme ardhini) isiyokuwepo.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, chomoa nyaya. Nasema sabufa nikimaanisha seti hizi za kawaida zenye boksi moja kubwa na spika mbili au tano. Mwenye home theater yenye risiva kubwa na sabufa inayojitegemea afuate njia ileile.

Mkato wa kwanza

Zima, kisha chomoa kila waya wa sauti ulioingia nyuma ya sabufa: zile pini nyekundu na nyeupe za AV, AUX, maikrofoni, hata antena ya FM. Bakiza waya wa umeme na nyaya za spika peke yake. Chomoa upande wa sabufa, si upande wa king'amuzi. Ukiuacha waya umechomekwa kwenye sabufa huku ncha nyingine inaning'inia hewani, unageuka antena ya kuokota umeme wa ukutani, mvumo unaongezeka, na wewe unapotea njia.

Washa tena, weka kwenye Bluetooth bila kuunganisha simu, panda voliumu hadi pale unapoangalizia sinema kawaida.

Ikiwa kimya, shida iko nje ya sabufa. Ikivuma bado, iko ndani yake, au kwenye umeme unaoilisha. Kipimo hiki kimoja kinaokoa pesa nyingi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Kisha zungusha voliumu. Mvumo ukipanda na kushuka pamoja na voliumu, unaingia kabla ya kitufe hicho, yaani kwenye nyaya au kwenye kifaa kinacholeta muziki. Ukibaki palepale hata voliumu ikiwa sifuri, unazaliwa baada yake, kwenye sehemu ya umeme au amplifaya yenyewe. Usichanganye na kitufe cha besi: ukipandisha besi, mvumo wa aina yoyote utapanda, kwa sababu besi ndiyo nyumba yake.

Kuna kitu cha tatu cha kusikiliza, nacho ni uzito wa sauti. Pakua kwenye simu programu yoyote ya kutoa toni, unganisha kwa Bluetooth, piga Hz 50 kisha Hz 100 taratibu, ulinganishe na mvumo wako. Spika ya simu peke yake haiwezi kutoa Hz 50, kwa hiyo lazima upitishie kwenye sabufa. Mvumo wa Hz 50 ni wa chini kabisa, unausikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Mara nyingi unatoka kwenye nyaya na erthi. Wa Hz 100 uko juu kidogo, na kama hauondoki ukichomoa nyaya, unanukia kapasita za kuchuja umeme zilizochoka. Na ule mkali unaozizima kama nyuki ndani ya kopo huletwa na feni zenye kidhibiti cha elektroniki, taa za kupunguza mwanga, au inveta. Usiichukulie kama sheria, maana mvumo wa erthi nao hubeba Hz 100 na 150 ndani yake, ila inakupa pa kuanzia.

Kimya ukichomoa nyaya: king'amuzi na dishi

Sasa rudisha waya mmoja mmoja, ukisikiliza kila unaporudisha. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, karibu kila sebule yenye TV ina king'amuzi, na waya wa king'amuzi ndio ninaoushuku kabla ya mingine yote.

Fuata njia ya waya uone. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma au kwenye ukuta. Waya wake una uzi wa katikati na wavu unaouzunguka, na wavu huo umeshikana na chuma cha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, na chuma cha dishi. Upande wa ndani, wavu uleule unashika bodi la king'amuzi. Kutoka king'amuzi unatoka waya wa AV, nao una wavu wake unaoshika bodi la sabufa. Kama kati ya vifaa vyako kuna chenye plagi ya pini tatu, iwe ni risiva, TV kubwa au kompyuta, basi bodi lake limeshika erthi ya nyumba. Hapo una njia mbili za kwenda ardhini, moja kupitia dishi na nyingine kupitia soketi, na pamoja zinafanya mzunguko. Volti za ardhi hizo mbili hazilingani, hasa nguzo ya erthi ya nyumba ikiwa imefukiwa kwenye mchanga mkavu au imeshikwa na kutu. Tofauti hiyo inasukuma mkondo mdogo ndani ya wavu wa waya wa AV. Na wavu huohuo ndio sabufa inaoutumia kama sifuri yake ya kupimia muziki. Chochote kinachopita pale, sabufa inakisoma kama wimbo.

Hesabu yake si kubwa. Mkondo wa miliampea 10 ukipita kwenye wavu wenye upinzani wa omu 0.1 unazaa milivolti 1. King'amuzi hutoa muziki wa takriban volti 1. Mvumo ni mdogo mara elfu moja, yaani desibeli 60 chini ya muziki. Mchana na taarabu imefunguliwa hutausikia. Saa nne usiku, kwenye filamu ambayo watu wananong'ona, utausikia mpaka ukukere.

Kwenye nyumba za kupanga na maghorofa yenye dishi moja la wote, wavu wa waya unakushikanisha pia na king'amuzi cha jirani, na chochote kilichochomekwa kwake. Ndiyo maana mvumo mwingine huja jioni jirani akirudi kazini.

Kuhakikisha, zima king'amuzi, kisha fungua ile nati ya waya wa dishi nyuma yake na uutoe kabisa. Usifungue kikiwa kinawaka: waya huo unapeleka volti 13 au 18 kwenye LNB, na wavu ukigusa uzi wa katikati unaweza kuunguza sehemu ya kupokelea. Washa. Picha haitakuwepo, lakini sikiliza sabufa. Mvumo ukikatika, mzunguko unapitia kwenye dishi. Usipokatika, chomoa HDMI kati ya king'amuzi na TV, sikiliza tena. Watu husahau kwamba HDMI nayo ina wavu. Sauti yake ni ya kidijitali na yenyewe haivumi, lakini wavu wake unaunganisha mabodi kama waya mwingine wowote, na mvumo unatokea kwenye waya wa AV ulio karibu yake.

Dawa ya kwanza haina gharama. Chomeka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja nzuri, kwenye soketi moja. Soketi ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000, na seti nzima ya sebuleni haifiki hata robo yake, hata kama boksi la sabufa limeandikwa wati 20,000 za PMPO, zile wati za matangazo (hizo zipeleke kwenye fasihi simulizi). Vifaa vikishika erthi mahali pamoja, tofauti ya volti kati yao inapungua na mara nyingi mvumo unaisha hapohapo.

Usipoisha, chukua waya mnene wa umeme, kipande kimoja kifupi, ufunge ncha moja kwenye skrubu ya chuma ya nyuma ya sabufa au risiva, na nyingine kwenye nati ya chuma ya king'amuzi. Hakikisha skrubu hiyo inashika chuma tupu, si rangi. Mkondo utapita kwenye waya huu mnene badala ya wavu mwembamba wa AV. Haupendezi kuutazama lakini unafanya kazi.

Hatua inayofuata ni kununua kitenganishi cha sauti. Ni kiboksi kidogo chenye transfoma mbili ndani na tundu za pini nyekundu na nyeupe kila upande. Maduka ya muziki wa magari huwa nacho, kwa sababu kwenye gari kinatumika kuondoa mlio wa altaneta. Muziki unaruka kwa sumaku kutoka upande mmoja hadi mwingine, waya hazigusani, mzunguko unakatika. Vya bei ya chini sana hupunguza besi, kwa hiyo omba ujaribu dukani ukiwa na wimbo unaoujua.

Kama TV na sabufa zote zina tundu la waya wa mwanga, lile dogo la mraba linalotoa mwanga mwekundu, tumia hilo na usahau yote yaliyotangulia. Toshiba waliuleta mwaka 1983, na kwa kuwa unapitisha mwanga kwenye plastiki, umeme hauna pa kupita. Bluetooth nayo inakata mzunguko kwa namna hiyohiyo, ila sauti inaweza kuchelewa nyuma ya midomo ya waigizaji.

Kitu kimoja usikubali kuuziwa. Kuna vitenganishi vya waya wa antena, vinawekwa kati ya antena na king'amuzi. Kwa king'amuzi cha antena ya kawaida isiyo na bustaa vinafaa. Kwa dishi, vingi havifai: vinazuia zile volti 13 na 18, LNB inakosa umeme, na skrini inaandika hakuna mawimbi. Kwenye dishi, kata mzunguko upande wa sauti.

Na usikate erthi. Utaambiwa, "Kaka, vunja hiyo pini ya juu ya plagi, mvumo utaisha." Ni kweli utaisha. Siku transfoma ikivuja umeme kwenye boksi la chuma, hakuna kitakachokata fyuzi. Boksi litakaa na volti 230 likisubiri mtoto anayekuja kuchomeka flashi. Mvumo unaondolewa kwa kukata mzunguko upande wa sauti, kamwe si kwa kukata erthi.

Ukigusa boksi unahisi ganzi

Angalia soketi zetu. Ni zile za pini tatu za mtindo wa Uingereza, na tundu la juu, la erthi, ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Sasa hesabu vifaa vilivyokuja na plagi ya pini mbili, na kalamu ngapi za Bic zimeingizwa kwenye tundu la juu ili plagi iingie. Umeme unapatikana, lakini plagi imelegea, inacheza, inatoa cheche ndogo ndani, na cheche hizo zinaingia kwenye sabufa kama mkwaruzo juu ya mvumo. Nunua adapta yenye fyuzi. Kalamu irudi kuandika.

Ganzi ile ndogo ya vidoleni ukigusa chuma cha king'amuzi au nati ya dishi ina maelezo yake. Vifaa vya pini mbili vyenye pawa saplai ya kisasa, nyepesi, vina kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na bodi, mara nyingi nanofaradi 2.2 hivi, kwa ajili ya kuzuia kelele za redio. Kwa volti 230 za Hz 50, kapasita hiyo inapitisha takriban miliampea 0.16. Haiui, lakini unaihisi, na multimita ikipima kati ya boksi la king'amuzi na erthi inaweza kuonyesha volti 60, 90, hata 110. Wenye testa huiona inawaka na kuogopa. Ukiweka vifaa vitatu au vinne vya namna hiyo vikaunganishwa kwa AV, mikondo hiyo inajumlishana na yote inatafuta njia ya kwenda ardhini kupitia wavu wa waya mmoja. Ukishika boksi kwa mkono mvumo ukapungua, ni hilo. Mwili wako umekuwa erthi. Dawa ni kuipa mikondo ile njia halisi: shikanisha bodi la sabufa na erthi nzuri ya nyumba.

Ganzi ikiwa ni ya kukutupa mkono, hiyo si kapasita. Chomoa kila kitu na umwite fundi umeme, Tanzania awe mwenye leseni ya EWURA, Kenya ya EPRA. Mwombe apime soketi: kati ya waya wa moto na nyutro apate karibu 230, kati ya moto na erthi apate namba hiyohiyo kwa karibu, na kati ya nyutro na erthi apate volti chache tu. Moto na erthi wakisoma namba ya ajabu ajabu inayopanda na kushuka, erthi yako imekatika mahali, na nyumba nyingi ziko hivyo bila mwenye nyumba kujua. Usiende kuisaidia kwa kufunga waya kwenye bomba la maji.

Inavuma simu au laptop ikiwa kwenye chaji

Hii ni rahisi. Unapiga muziki kwa waya wa AUX, kimya. Unachomeka chaja, mvumo na vipyupyu vidogo vinaanza. Chaja ya simu inaleta ule mkondo wa kapasita niliousema, chaja ya laptop yenye pini tatu inaleta erthi ya pili. Chomoa chaja, tumia betri. Kama lazima uchaji, tumia Bluetooth, au kitenganishi cha AUX cha pini ndogo, ni kilekile cha magari kwa umbo dogo. Chaja bandia za barabarani ndizo zenye kelele zaidi, na kelele ndiyo kasoro yao ndogo.

Mvumo mkubwa unaobadilika ukitikisa waya

Mvumo wa erthi huwa wa wastani na haubadiliki. Wako ukiwa mkubwa kuliko muziki wenyewe, ukikatika na kurudi ukigusa pini, waya wa AV umekatika wavu. Uzi wa katikati umebaki peke yake, unaokota umeme wote wa ukutani. Ukatikaji hutokea sentimita moja au mbili kutoka kwenye pini, pale waya unapokunjwa nyuma ya meza ukigusa ukuta. Weka multimita kwenye mlio, gusa pete ya nje ya pini upande huu na pete ya nje upande wa pili, kisha kunja waya taratibu. Mlio ukikatika umepata. Waya mpya ni rahisi kuliko kuuunga, isipokuwa kama unao mrefu mzuri.

Wakati mwingine waya ni mzima ila tundu la nyuma ya sabufa limelegea, na ndani risasi iliyoshika tundu kwenye bodi imepasuka mduara. Inaonekana kwa jicho: pete nyembamba nyeusi kuzunguka mguu. Ichome risasi upya.

Ukiwa hapo nyuma, tenganisha nyaya. Waya wa AV uliofungwa pamoja na wa umeme kwa mpira mmoja, ukalala juu ya chaja na ekstensheni, utaokota tu. Weka umbali wa futi moja, na vikilazimika kukutana vikatane msalaba. Tundu la maikrofoni la karaoke nalo lishushwe voliumu yake hadi sifuri kama halitumiki, maana lina nguvu kubwa ya kukuza na huvuma hata likiwa tupu.

Inavuma bila waya hata mmoja: sasa fungua

Hapa ndipo bisibisi inapohitajika, na hapa ndipo watu wanapoumia. Pima uzito kwanza. Sabufa yenye transfoma ya chuma ni nzito upande mmoja, na baada ya transfoma umeme ni mdogo, volti 12 hadi 30 hivi. Nyepesi yenye pawa saplai ya kisasa haina transfoma kubwa. Ina kapasita moja nene ya volti 400 ambayo inakaa na volti 325 za moja kwa moja hata baada ya kuchomoa plagi. Kama huijui hiyo, ishia hapa, mpe fundi.

Yenye transfoma ukiifungua, utaona nyaya za transfoma zikiingia kwenye daiodi nne, na baada ya daiodi kapasita moja au mbili kubwa, zimeandikwa labda 3,300 au 4,700 µF, 25V au 35V. Kazi yake ni kujaza mabonde ya umeme uliotoka kwenye daiodi, mara 100 kwa sekunde. Kapasita nzima ya 4,700 µF, amplifaya ikivuta ampea moja, inaacha mawimbi ya kama volti 2, na amplifaya inaweza kuyavumilia. Ikikauka ikabaki na sehemu ya kumi ya uwezo wake, umeme unashuka na kupanda vibaya kila mzunguko, na sabufa inavuma Hz 100 bila kujali voliumu. Joto ndilo linaloikausha, na joto la Dar es Salaam au Mombasa ndani ya boksi la mbao halichezi.

Tazama kichwa chake. Kinatakiwa kuwa bapa. Kikiwa kimevimba juu, hata kidogo cha kuhisiwa kwa kidole, imekwisha. Kikiwa bapa bado inaweza kuwa imekauka, kwa hiyo ipime, au ipachike nzima sambamba nayo kwa muda: mvumo ukizama, umepata. Lakini angalia usidanganywe na gundi. Viwandani huzishika kapasita kwa gundi ya manjano, na ikizeeka inakuwa ya kahawia na ngumu. Wengi huiona chini ya kapasita wakadhani imevuja. Yenyewe si kapasita iliyovuja, ila gundi hiyo ikishakuwa nyeusi huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri, kwa hiyo ikwangue polepole na uisafishe.

Mpya iwe na µF ileile au zaidi kidogo, volti zileile au zaidi, na iandikwe 105°C, si 85. Ule mstari wenye alama ya kutoa uelekee palepale ulipokuwa. Kabla ya kugusa, maliza chaji iliyobaki kwa rezista ya omu 100 hadi 1,000 ukiishika kwa koleo lenye mpira. Bisibisi inafanya kazi hiyo pia kwa cheche na mlio, na inaacha alama.

Mvumo ukiwa wa Hz 50 na kapasita ni nzima, pima daiodi nne moja moja. Moja ikikatika, nusu ya umeme inapotea na kapasita inalazimika kusubiri muda mara mbili.

Ile ya ghafla, mvumo mkubwa unaotikisa meza, koni imesukumwa mbele au nyuma na kubaki hapo, transfoma inapata moto: chomoa ukutani sekunde hiyohiyo. IC ya amplifaya, ile chipu inayokuza sauti, imekufa na inamwaga umeme wa moja kwa moja kwenye spika. Ukichelewa, koili ya spika inaungua na gharama inakuwa mbili. Seti ndogo nyingi zinatumia TDA2030. Ukibadilisha, rudisha karatasi ya mika inayozuia umeme na kibushi cha skrubu kati ya IC na chuma cha kupoza, kwa sababu mgongo wa IC hiyo umeunganishwa na umeme wa upande hasi. Bila mika unaweza kuiunguza mpya mara tu unapowasha.

Mlio unaotoka kwenye boksi, si kwenye spika

Chomoa nyaya za spika zote. Ukisikia bado, ni mabati ya transfoma yanatetemeka. Kaza skrubu zake, weka mpira chini yake. Mlio ukiongezeka usiku wa manane, pima volti: umeme ukipanda juu ya kiwango chake transfoma hupiga kelele, na stabilaiza itasaidia transfoma na friji kwa pamoja.

Unavuma feni ikiwashwa, au ukiwa kwenye sola

Feni ya dari yenye kidhibiti cha elektroniki hukata umeme vipande vipande ili kupunguza mwendo, na vipande hivyo vinasikika kama mzizimo mkali. Jaribu mwendo wa juu kabisa. Mzizimo ukiisha, ni kidhibiti hicho. Vile vya zamani vya kubofya hatua kwa hatua vyenye koili havina tabia hiyo. Taa za LED za bei poa nazo zipo kwenye kundi hili, zima moja moja usikilize.

Inveta ya sola isiyotoa wimbi safi hutoa ngazi kali badala ya wimbi laini, na transfoma ya sabufa huungurumia kila ngazi. Chujio za kuchomeka hazisaidii sana. Inayotoa wimbi safi ndiyo dawa, au sabufa inayotumia volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Na ule mlio wa di-di-dit, di-di-dit kabla simu haijaita, huo si mvumo wa umeme. Ni simu ya 2G inavyotuma kwa mapigo ya mara 217 kwa sekunde. Sogeza simu.

Baada ya yote, ukiweka sikio kwenye koni bado utasikia mvumo mdogo, na ukirudi kwenye kochi hausikiki. Huo uache ulivyo. Kila amplifaya inao.